Tiketi za ndege kwenye mkataba wa kazi: usipunguze mshahara kabla hujasoma hapa

Jumamosi iliyopita mpwa wangu kanikuta Kirumba, natoka Mwaloni kununua dagaa wa nyumbani, akanipa shikamoo akasema mjomba nna jambo, tukakaa kwenye benchi la mama mmoja anaekaanga sato karibu na barabara akatoa simu kunionesha ofa ya kazi. Umeneja, kampuni ya ndege, ofisi Dar. Ni mara yake ya kwanza kuitwa meneja kwaiyo furaha yake nilikua naielewa kabisa. Ila mshahara wa kwenye ofa ulikua chini ya anaopata sasa hivi hapa Mwanza, pungufu ya laki sita kwa mwezi. Nikamuuliza mbona unashuka? Akasogeza kurasa kwa kidole mpaka kwenye mstari mmoja, "mfanyakazi na familia yake watapata huduma ya usafiri wa ndege kwa mujibu wa sera ya kampuni". Akasema mjomba hapo ndo pesa ilipo, mimi na mke wangu na mtoto na mama, wote ndege bure.

Sato aliletwa mezani akapoa sijamgusa. Mstari ule nimewahi kuusaini mimi mwenyewe, karibu neno kwa neno, mwaka 2013, na ulichonifanyia mimi na familia yangu sitaki kimpate yeye wala wewe unaesoma. Nilimueleza yote pale pale kwenye benchi na nimeona niyaandike, maana vijana wetu wa huku Kanda ya Ziwa sasa hivi wanapewa vyeo, migodini, mabenki, viwanda vya samaki, mashirika, na kila mkataba wa mkubwa una kipengele cha tiketi, na karibu wote wanakisoma kama zawadi. Sio zawadi, ni sehemu ya mshahara wako, na inatakiwa iandikwe kwa ukali ule ule unaoandikiwa mshahara.

Mwaka ule nilikua naishi Pasiansi, nafanya mauzo kwenye kampuni moja hapa hapa mjini. Akanipigia mtu wa kampuni ya kutafuta wafanyakazi, kuna shirika la ndege linataka mkuu wa mauzo, usaili Dar. Nikaenda, nikapita. Mshahara walionipa ulikua pungufu ya laki nane ukilinganisha na nilichokua naomba, wakanambia lakini kuna tiketi, wewe na familia. Nikarudi nyumbani nikakaa na mama watoto na kikokotoo, tupo watano, tukisafiri mara tatu kwa mwaka kwenda na kurudi Mwanza, zidisha na nauli, jumla ikazidi hata ile laki nane kwa miezi kumi na mbili. Tukafurahi, nikasaini.

Hesabu ile ilikua na makosa mawili. La kwanza nilitumia nauli ya zamani, ile ya ndege ni ya wenye pesa. Wakati huo fastjet, shirika la ndege za nauli nafuu, walikua washaingia, walianza tarehe 29 Novemba 2012 na ruti zao za kwanza kabisa zilikua Dar kwenda Kilimanjaro na Dar kwenda Mwanza, wanatangaza nauli kuanzia shilingi 32,000 kabla ya kodi, na mtu akikata mapema alikua anapata kweli. Yani kitu nilichokihesabia malaki, jirani yangu wa Pasiansi alikua anakinunua kwa pesa ya kawaida akipanga safari yake mwezi mmoja kabla. Thamani ya tiketi kwenye mkataba inapanda na kushuka na soko, fastjet wenyewe kufika mwisho wa 2018 walikua wamesimama, na laki nane yangu ya kila mwezi ingebaki laki nane tu. Kosa la pili ndo kubwa zaidi. Sikuuliza tiketi ni ya aina gani.

Hapa nataka usome taratibu maana watu wengi wa nje ya mashirika ya ndege hawajui. Kuna tiketi ya kiti cha uhakika, jina lako lipo kwenye orodha ya abiria kama aliyelipa, hakuna wa kukutoa. Na kuna stendibai, ambayo ndo wafanyakazi wengi wa ndege duniani wanapewa, maana kampuni haipotezi kitu, inakupa kiti ambacho kingeruka kitupu. Unaenda uwanjani, jina linaingia kwenye orodha ya kusubiri, orodha inapangwa kwa cheo na miaka ya kazi, wakifunga chekini wanahesabu viti vilivyobaki ndo wanaanza kuita. Vikiwa vitatu na nyie mko watano, mnagawanyika au mnarudi nyumbani. Hata hiyo "bure" yenyewe mara nyingi ni nauli tu, tozo za uwanja na kodi unalipa mwenyewe. Mkataba wangu haukusema stendibai popote. Ulisema sera ya kampuni, na sera ndo ilisema stendibai, na sera nilipewa wiki ya pili baada ya kuanza kazi, tayari nyumba ya Pasiansi nimerudisha funguo.

Mwezi wa tatu au wa tano sio tatizo, ndege ina nafasi. Tatizo ni kwamba sisi wa huku tunasafiri wakati mmoja wote, Desemba kwenda kula sikukuu na Januari kurudi kabla shule hazijafunguliwa, na hapo ndo hakuna kiti hata kimoja cha ziada. Januari ya 2015 mama watoto na wanangu watatu walikaa siku tatu uwanja wa ndege wa Mwanza wakisubiri. Wanaamka saa tisa usiku, bajaji mpaka uwanjani, ndege inajaa, wanarudi kwa mayu, mama mkwe wangu, kesho tena. Walikua na deli la sato wa kuja nao Dar, amegandishwa vizuri, amefungwa magazeti na mifuko. Siku ya kwanza barafu ikaanza kutoa maji, binti yangu mkubwa akawa anafuta sakafu ya pale kwenye kaunta na kanga ya mama yake kwa sababu abiria walikua wanakanyaga na kuangalia. Siku ya pili wakaongeza barafu. Siku ya tatu jioni mayu akalifungua deli, akanusa, akawasha jiko akawakaanga wote usiku ule ule wasiharibike, na majirani wakaitwa kula. Mimi niko Dar kwenye simu, mkuu wa mauzo, nauza viti vya ndege ile ile, na wanangu hawana kiti. Wa kwanza aliripoti shule amechelewa siku nne.

Nisingekua mtu wa kulalamika kama ningeambiwa mwanzo. Stendibai ina raha yake kwa mtu asiye na haraka, kuna wenzangu walizunguka Afrika nzima kwa pesa ya tozo tu. Ila huwezi kuibadilisha na laki nane za kila mwezi. Mtu akikupa stendibai iweke thamani ndogo sana kwenye hesabu yako, mimi siku hizi naiwekea sifuri kabisa, nikiipata naishukuru.

Basi, yaliyonifanya nijifunze sheria yalikuja 2017. Kampuni ikaanza kupunguza watu. Walianza na idara nyingine, mimi nikaamini siguswi. Asubuhi moja nimeitwa, barua mezani, na notisi hawakutaka niifanyie kazi, wakanilipa keshi badala yake, kitu ambacho sheria inaruhusu. Sasa sikiliza hapo. Ukilipwa notisi keshi maana yake siku yako ya mwisho kazini ni leo. Na siku yako ya mwisho ikiwa leo, sistimu ya tiketi inakufunga leo. Familia yangu ilikua Mwanza, ilienda kwa tiketi za kazini wiki moja kabla, zina safari ya kurudi. Saa nane mchana mama watoto ananipigia, eti tiketi zetu zinasoma zimefutwa, kuna nini? Alijua nimeachishwa kazi kupitia tiketi, kabla sijapata nguvu ya kumwambia mwenyewe. Kesho yake alfajiri walipanda basi Nyegezi, Shinyanga, Nzega, Singida, Dodoma, Morogoro, kilomita zaidi ya elfu moja na mtoto wa miaka minne mapajani.

Mkataba wangu haukua na neno hata moja kuhusu nini kinatokea kwa safari iliyokwishaanza. Sentensi moja tu ingetosha, kwamba haki ya tiketi inaendelea kwa kipindi chote cha notisi hata kama notisi imelipwa keshi, na aliyeko safarini anarudishwa. Nimeshaiona sentensi hiyo kwenye mikataba ya watu watatu tangu hapo na hakuna mwajiri aliyeikataa, ni kwamba tu haiombwi.

Na kama unadhani sheria itakuokoa kwenye ndege, isome vizuri. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004, kifungu cha 43, inasema mkataba ukivunjwa mahali ambapo sio ulipoajiriwa, mwajiri akusafirishe wewe na mizigo yako mpaka ulipoajiriwa, au alipie usafiri huo, au akupe posho ya usafiri pamoja na pesa ya kujikimu kwa siku zilizopo kati ya kuachishwa na kusafirishwa. Inapendeza. Ila kifungu kidogo kinachofuata kinasema posho hiyo isipungue nauli ya basi mpaka kituo cha basi kilicho karibu na ulipoajiriwa. Nauli ya basi! Sheria haijali kama ulikua mkurugenzi au mlinzi, inakuhakikishia basi. Ndege ni ile tu uliyoiandika kwenye mkataba wako.

Alafu kuna neno "ulipoajiriwa". Mkataba wangu kwenye kisanduku cha mahali pa kuajiriwa uliandikwa Dar es Salaam, kwa sababu usaili ulifanyika Dar, nami sikukiona hata. Kwaiyo walivyosema hawanidai wala siwadai usafiri, karatasi ilikua upande wao. Nikaenda CMA, Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, nikajaza ile fomu namba moja. Kilichonisaidia ni kwamba kifungu hicho hicho kinaeleza kuajiri ni kule kumtafuta na kumshawishi mfanyakazi, kunakofanywa na mwajiri au wakala wake, na mimi wakala alinipigia nikiwa Pasiansi na imeili zake nilikua nazo zote, ya kwanza kabisa inauliza "upo tayari kuhama Mwanza?" Tulimalizana kwenye usuluhishi, nikalipwa usafiri wa vyombo na sehemu ya pesa ya kujikimu. Muda nao uangalie, kama unapinga kuachishwa kazi una siku 30, madai mengine siku 60. Watu wanakaa nyumbani miezi wakisubiri mwajiri awaonee huruma na siku zinakwisha.

Kitu kingine kilichoniuma ni kiinua mgongo. Sheria inasema mshahara wa msingi wa siku saba kwa kila mwaka uliokamilika, mwisho miaka kumi. Mshahara wa msingi, na kwenye tafsiri ya sheria posho hazimo, wala tiketi hazina mahali pa kuingilia. Ile laki nane niliyoiacha kwa ajili ya ndege ikanifuata mpaka huko, ikanifuata NSSF kwa sababu michango ilikatwa kwenye mshahara mdogo, ikanifuata benki nilipoomba mkopo wa kumalizia nyumba. Mtu akikwambia chukua mshahara mdogo tutakufidia kwa tiketi, anapunguza vitu vinne kwa mkupuo mmoja nawe unaona kimoja.

Wakubwa wenyewe wa ndege hawafanyi hivo. Jeff Smisek alikua bosi mkuu wa United Airlines ya Marekani, akaondoka Septemba 2015, na makubaliano yake ya kuondoka yalimpa karibu dola milioni 4.9 keshi, na humo humo ikaandikwa haki ya kupanda ndege za kampuni maisha yake yote, na maegesho ya gari pia, maegesho! Yaliandikwa. Hayakuachiwa sera. Kule Marekani kampuni zilizoko soko la hisa zinatakiwa kutangaza marupurupu ya wakubwa wao jumla ikifika dola 10,000 kwa mwaka, kwaiyo ukitaka kujua mikataba hiyo inavyoandikwa ipo wazi, na ukiisoma utaona kila kitu kimetajwa, nani anasafiri, daraja gani, kiti cha uhakika au cha kusubiri, baada ya kustaafu inakuaje, akifariki mwenza wake anaendelea au la, na kodi analipa nani.

Na hata kilichoandikwa "maisha yote" kina masharti yake. American Airlines mwaka 1981 walianza kuuza pasi waliyoiita AAirpass, dola 250,000 unapanda daraja la kwanza bila kikomo mpaka ufe. Mwaka 2008 wakawafutia wateja wawili pasi zao wakidai wamezitumia kinyume na masharti, kesi zikaenda mahakamani. Hao walinunua kwa pesa yao. Wewe unaepewa na mwajiri ukimpa shemeji ambae hayupo kwenye orodha, au ukimuuzia mtu tiketi ya kazini kwa nusu bei, umefukuzwa na hakuna wa kukutetea. Nilikua na mwenzangu, mtu mzuri, mchapakazi, alimuandikisha mtoto wa rafiki yake kama mtoto wake ili akatibiwe Dar, nia ilikua safi kabisa. Walilinganisha vyeti vya kuzaliwa. Alipoteza kazi ya miaka kumi na moja.

Hapo tunafika kwenye neno familia, ambalo ndo linaleta maumivu mengi kuliko yote. Sisi tukisema familia tunamaanisha mama, baba, mdogo wako unaemsomesha, mtoto wa marehemu kaka. Mkataba ukisema familia unamaanisha mwenza mmoja na watoto wako chini ya umri fulani. Binti yako akifika chuo, ana miaka ishirini, bado unamlisha wewe, kwenye sera hayupo. Mtoto akitimiza miaka miwili hakai tena mapajani, anahitaji kiti chake, na kama mkataba umetaja idadi ya viti na sio majina basi mtu mmoja anabaki. Mama yangu yupo Ukerewe, ana miaka sabini na kitu, yeye ndo mtu niliekua namuhitaji zaidi kwenye ndege, na ndo hakuwepo. Kama una mzazi unaemtegemeza omba jina lake liingie, kwa majina yake matatu kama yalivyo kwenye kitambulisho cha NIDA.

Na msiba. Hili naliandika kwa uzito wote. Ukiwa mkubwa kazini mbali na kwenu utapigiwa simu usiku, na tiketi ya kesho asubuhi ndo ghali kuliko zote, na stendibai haisubiri mazishi. Omba mkataba useme kwamba kwa msiba wa mzazi, mwenza, mtoto au ndugu wa tumbo moja unapewa kiti cha uhakika ndege ya kwanza inayopatikana, na hizi hazihesabiwi kwenye tiketi zako za mwaka. Omba pia useme nani anasafirisha mwili kama wewe au wa kwako atafia kituo cha kazi. Najua HR atakuangalia, wa kwangu aliniangalia, alafu akasema kwa sauti ya chini kwamba kwao Bunda walichanga wiki nzima kumrudisha kaka yake. Kipengele kiliingia siku hiyo hiyo.

Kodi niseme kwa kifupi ila uikumbuke. Faida za kazini zinahesabika kama kipato na kwa mshahara wa umeneja sehemu ya juu inakatwa asilimia 30. Lakini Sheria ya Kodi ya Mapato ya 2004 kwenye kifungu cha 7 inaacha nje gharama halisi ya kukusafirisha wewe, mwenza wako na watoto wenu wasiozidi wanne kwenda au kutoka kituo cha kazi, kama makazi yako ya asili yapo zaidi ya maili 20 na uliajiriwa kwa ajili ya kazi hiyo tu. Sasa ukiandika tiketi zako kama "posho ya usafiri milioni nne kwa mwaka" umejiingiza kwenye kodi mwenyewe, ukiandika kama nauli halisi ya Dar na Mwanza upo salama zaidi. Safari ya kutembea Dubai haimo humo. Mama yako pia hayumo kwenye hao watu, kwaiyo kwa tiketi yake mkataba useme kampuni inabeba kodi.

Kwa wale wasio wa mashirika ya ndege, nyie wa migodi ya Geita na viwanda vya minofu, kwenu habari ya stendibai haipo sana, kampuni inanunua tiketi kwa wakala. Mtego wenu ni mwingine, "tiketi ya bei ya chini inayopatikana". Maana yake mara nyingi haibadilishiki na hairudishiwi pesa. Unapangiwa ijumaa, alhamisi usiku mashine imeharibika bosi anasema husafiri, tiketi imekufa na mwakani wanakwambia ulishapewa. Muombe aandike tiketi ya kubadilishika, na kwamba safari ikiahirishwa kwa sababu ya kazi hasara sio yako. Uliza pia ambazo hujatumia zinahamia mwaka unaofuata au zinalipwa keshi au zinapotea. Na mtaje uwanja, siku hizi tangu daraja la Kigongo–Busisi lifunguliwe 2025 mtu wa Geita anawahi ndege Mwanza bila kulala na foleni ya kivuko, basi useme na gari ya kukufikisha uwanjani ni ya nani. Zile maili za wasafiri, yani pointi ambazo shirika la ndege linakupa kila ukisafiri nalo, mfano ShebaMiles za Ethiopian, zinaingia kwenye namba ya aliyesafiri, kwaiyo jiunge kwa jina lako na uliza tu kama kampuni inazidai.

Nilipopata kazi nyingine ya umeneja, hapa hapa Kanda ya Ziwa, nilienda na kipengele changu nimeshakiandika, na nakiweka hapa mkichukue mkibadilishe mnavyotaka. "Mwajiri atatoa kwa mfanyakazi, mwenza wake, watoto wake wasiozidi wanne na mzazi mmoja, wote waliotajwa kwa majina kwenye kiambatanisho, tiketi mbili za kwenda na kurudi kila mwaka wa mkataba kati ya kituo cha kazi na mahali pa kuajiriwa, daraja la ekonomi, zenye kiti kilichothibitishwa, zinazobadilishika, pamoja na tozo na kodi zote. Tiketi zisizotumika kwa sababu za kazi zitahamia mwaka unaofuata au kulipwa fedha taslimu kwa uamuzi wa mfanyakazi. Mkataba ukikoma kwa sababu yoyote isiyo utovu wa nidhamu, haki hii itaendelea mpaka mwisho wa kipindi cha notisi hata kama notisi imelipwa, na safari iliyokwishaanza itakamilishwa. Haki hii haitapunguzwa kwa mabadiliko ya sera bila maandishi yaliyosainiwa na pande zote mbili." Hiyo sentensi ya mwisho ndo naipenda kuliko zote. Walibishana nami kwenye mzazi na kwenye keshi, keshi wakakataa, mzazi akapita.

Mpwa wangu nilimwambia asikatae kazi, ni kazi nzuri na ana uwezo nayo. Nilimwambia awaandikie imeili ya heshima, aombe kwanza atumiwe hiyo sera aisome kabla, aulize ni stendibai au kiti cha uhakika, mahali pa kuajiriwa paandikwe Mwanza, mama yake atajwe, na kama ni stendibai basi warudishe angalau sehemu ya zile laki sita kwenye mshahara wa msingi. Alikua anaogopa watamuona msumbufu. Nikamuuliza, hiyo kazi si ya kuongoza watu wa mikataba? Akaiandika pale pale benchini, mama wa sato akatuongezea ugali.

Wamejibu jumanne. Ni stendibai kweli, lakini wamempa kiti cha uhakika mara moja kwa mwaka kwa familia nzima na kwenye msiba, wamerudisha laki nne, Mwanza imeandikwa. Jana usiku kanitumia picha ya kiambatanisho, jina la dada yangu lipo, majina yote matatu, ila jina la ukoo wamekosea herufi moja, wameandika L badala ya R. Nimemwambia asisaini mpaka warekebishe, kaunta wanaangalia kitambulisho.